Mwenye Kasi Ndiye Mwenye Wajibu: Maneno kwa Wapanda Baiskeli wa Mombasa

Hotuba hii ilitolewa Mombasa mbele ya wapanda baiskeli wa mwisho wa wiki pamoja na majirani waliokubali mwaliko wetu. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakujaaliwa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Assalamu aleikum, na hamjambo nyote.

Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, vijana, na nyinyi wenzangu mliokuja moja kwa moja kutoka barabarani na bado jasho halijawakauka, nawashukuru kwa kufika. Nawashukuru zaidi majirani, kwa sababu mmekubali kuja kukaa na watu ambao mna haki ya kuwakasirikia.

Niseme mapema jambo ambalo sitalizungumzia. Sitazungumzia matatu, wala malori ya bandarini, wala tuktuk zinazogeuka bila kuonesha ishara. Hayo huyazungumza kila tukutanapo, na tunayazungumza vizuri sana, kwa kuwa humo sisi ndio tunaoonewa. Leo nataka tuzungumze kuhusu mahali ambapo sisi ndio wenye nguvu, yaani zile njia za pembeni zilizotengwa na magari, ambazo mwendesha baiskeli huzitumia pamoja na mtu aendaye kwa miguu. Huko hakuna lori. Huko lori ni mimi na wewe.

Basi tuanze na swali moja: njia hii ni ya nani?

Swali hili ni la zamani kuliko baiskeli tunayoijua. Tarehe 12 Juni 1817, bwana mmoja wa Kijerumani aitwaye Karl Drais alitoka mjini Mannheim akiwa juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na cheni wala pedeli, akikiendesha kwa kupiga miguu chini. Chombo kile kiliwapendeza vijana wenye pesa na nafasi, kikaenea hadi Paris, London na New York. Lakini barabara za siku zile zilikuwa zimechimbwachimbwa na magurudumu ya magari ya farasi, kwa hiyo wapandaji wakahamia palipokuwa laini, na palipokuwa laini ni kwenye vijia vya watembea kwa miguu. Mnajua kilichofuata? Watu walilalamika, wakuu wa miji wakasikia, na mji mmoja baada ya mwingine ukakipiga marufuku chombo kile kwenye vijia. Gari la petroli lilikuwa halijazaliwa bado, na hivyo hapakuwa na dereva wa kulaumiwa. Palikuwa na watu wawili tu, aendaye mbio na aendaye polepole, na ugomvi ukapatikana papo hapo.

Nawaomba mlizingatie jambo hilo. Sisi hupenda kusema kwamba tatizo la mpanda baiskeli ni gari. Ni kweli, barabarani. Lakini ugomvi wetu wa kwanza kabisa katika historia haukuwa na gari. Ulikuwa na mtu anayetembea.

Sasa turudi kwetu. Simameni alfajiri kwenye njia yoyote ya pembeni, iwe upande wa Changamwe au upande wa Bamburi, mtazame nani anapita. Atapita kijana wa kiwandani anayetembea kwa sababu nauli ya matatu ameiweka kwa chakula cha mchana. Atapita mama na beseni la mahamri yaliyofunikwa kwa kitambaa. Atapita mzee anayetoka msikitini. Watapita watoto wa shule, wanne kwa safu, begi moja likiburuzwa chini. Atapita kijana wa mkokoteni, mitungi ya maji imepangwa mpaka juu, naye haoni mbele isipokuwa ainue shingo. Kisha tutapita sisi, wenye helmeti na miwani ya rangi, tuliotoka kujistarehesha.

Kustarehe si dhambi, na mimi ni wa kwanza kuipenda hiyo starehe. Lakini katika orodha hiyo yote, sisi peke yetu ndio tusio na lazima ya kufika popote. Tukichelewa kwa dakika tano, hakuna atakayetukata mshahara. Sasa nauliza: kati ya mtu mwenye lazima na mtu mwenye starehe, nani ampishe mwenzake? Na mbona kwenye njia zetu mambo ni kinyume, mwenye starehe ndiye anayepiga kelele na mwenye lazima ndiye anayeruka mtaroni?

Mtazameni muuza mikate. Baiskeli yake ni ile nzito ya chuma, haina gia, kreti limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tairi, na breki pengine imebaki moja. Hata hivyo sijasikia mtu akimlalamikia. Anapomkaribia mtu hupunguza, hupiga kengele mara moja, husalimu, hupita. Ana sababu nzuri: kila anayempita huenda ni mteja wake wa kesho. Sisi hatuuzi kitu, basi tumejiona hatuna haja na mtu.

Jambo la pili ni kasi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye mzizi wa maneno.

Nina jirani yangu huko Tudor, mama mtu mzima, ambaye daktari alimwambia atembee kila siku kwa ajili ya maradhi ya sukari. Akatembea. Alichagua njia ya pembeni kwa sababu ni tambarare na haina magari, na akawa anakwenda asubuhi, bakora mkononi, leso begani. Baada ya muda nikawa simwoni. Nikamwendea kumjulia hali, nikidhani labda mguu umemsumbua. Akaniambia, “Mwanangu, mguu mzima. Ni nyinyi.” Nikamuuliza kama kuna aliyemgonga. Akasema, “Hata. Hawanigongi, wanigutusha tu. Mtu akupita hapa,” akaonesha sikio lake kwa kidole, “hukumsikia akija, wasikia upepo tu. Moyo wangu mimi si wa kugutushwa kila siku.”

Ndugu zangu, yule mama hayumo katika hesabu ya ajali yoyote. Hakuumia, hakupelekwa hospitali, hakuandika malalamiko. Aliacha kutembea tu. Na aliyempita, nina hakika, alifika kwake akasema leo safari ilikuwa salama, hakuna aliyeguswa. Je, huo ndio usalama? Kutomgusa mtu?

Wengi wetu hatujui tunakwenda mbio kiasi gani, kwa kuwa juu ya baiskeli nzuri kasi haisikiki. Hebu tufanye hesabu pamoja. Mtu anayetembea huenda kama kilomita 5 kwa saa. Mpanda baiskeli asiye na haraka huenda kilomita 15. Sisi wenye tairi nyembamba, tukipata upepo wa baharini mgongoni, tunafika 30 bila kuhema sana. Kwa kilomita 30 kwa saa, kila sekunde unakata mita 8 na zaidi. Ukimwona mtoto ametokea, akili inahitaji kama sekunde moja kabla mkono haujabana breki. Hizo mita 8 zimeshakwenda na wewe hujaanza hata kusimama. Jumlisha za kusimama kwenyewe, kwa breki nzuri na sakafu kavu, utapata karibu mita 17. Basi la abiria ni fupi kuliko hizo. Kwa kilomita 15, hesabu hiyo hiyo inakupa mita 6 tu.

Na iko hesabu nyingine ambayo watu huisahau. Nguvu ya kishindo haipandi sawasawa na kasi. Inapanda kwa kipeo cha pili. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu unayokwenda nayo inakuwa mara nne. Kwa hiyo yule anayekwenda 30 akimgonga mtu, hakumgonga mara mbili ya yule wa 15. Amemgonga mara nne. Na mfupa wa nyonga wa mama wa miaka sabini haujui kwamba baiskeli yako ni nyepesi, kwa kuwa uzito ulioko juu yake ni wako wewe.

Kuna wanaosema, “Lakini mimi hupaza sauti, watu hunisikia.” Nitawapa kisa cha kweli kutoka Uingereza. Mwezi wa Februari 2016, katika mtaa wa Old Street jijini London, kijana mmoja alikuwa akiendesha baiskeli ya mbio za uwanjani ambayo haikuwa na breki ya mbele, kinyume cha sheria ya huko. Mwanamke wa miaka 44 alikuwa akivuka barabara. Kijana alikuwa akienda karibu kilomita 29 kwa saa. Alimpigia kelele aondoke, akampigia tena mara ya pili, kisha wakagongana. Yule mwanamke alifariki kutokana na majeraha ya kichwa. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachilia kijana kwa shtaka la kuua bila kukusudia, lakini ikamtia hatiani kwa kuendesha kwa fujo na kusababisha madhara, chini ya sheria ya mwaka 1861 iliyotungwa zama za magari ya farasi, naye akafungwa miezi 18.

Najua ile ilikuwa barabara kuu na wala haikuwa njia ya pembeni kama zetu. Ninachotaka mkichukue ni kelele zile mbili. Alikuwa na nafasi ya kupiga kelele mara mbili! Mtu mwenye nafasi ya kupiga kelele mara mbili ana nafasi ya kupunguza mwendo. Kelele yako ni kumtaka mwenzio afanye kazi ambayo ni yako. Na mtu akipigiwa kelele ghafla hufanya nini? Husimama palepale, au huruka kushoto, au huruka kulia, na wewe hujui atachagua lipi, kwa kuwa hata yeye hajui.

Nije kwenye simu. Siku hizi wengi wetu tuna programu za kupima mwendo, kama Strava, iliyoanzishwa mwaka 2009, ambazo hugawa njia vipande vipande na kuorodhesha nani amekipita kila kipande kwa muda mfupi kuliko wenzake. Sizipingi, ninazo mimi pia, na zinamtia mtu hamu ya kutoka kitandani. Lakini programu haijui kwamba pale kwenye kona kuna mama anauza viazi karai na watoto wamemzunguka. Inajua sekunde tu. Anayetaka taji la sekunde alitafute mahali palipo na nafasi, kwenye barabara kubwa, alfajiri, na taa mbele na nyuma, pamoja na wenzake. Kwenye njia ya pembeni, ushindi wa sekunde tatu umeporwa kwa watu ambao hata hawakujua kuna mashindano.

Jambo la tatu ni namna ya kumpita mtu.

Watu wa mji huu hawahitaji kufundishwa adabu ya njia nyembamba. Mji wa Kale umejengwa kwa vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuza bega, na mahamali wenye mizigo tangu zamani wamekuwa wakiita “Simile! Simile!” kabla hawajamfikia mtu, ili ajue kuna kinachokuja na apate muda wa kujiweka sawa. Angalieni utaratibu wake. Sauti inatangulia mbali, mzigo unakuja polepole, na mtu anapishwa bila kushtuliwa. Kengele ya baiskeli ni hiyo hiyo. Ipigwe mbali, si mgongoni mwa mtu. Ipigwe mara moja au mbili, isiwe kama ya shule. Kisha subiri. Subiri uone kichwa kimegeuka au bega limesogea. Ikiwa hakuna dalili, huenda mtu hakusikia, huenda masikio yake hayasikii tena, basi punguza mpaka mwendo wa mguu na useme kwa sauti ya kibinadamu, “Samahani mama, napita kuliani kwako.” Nchi yetu hukaa kushoto, basi tukae kushoto, na tupite kulia, ili kila mtu ajue tutatokea wapi.

Nasi tunaoziba masikio kwa muziki, tutamsikiaje anayetuambia simile?

Halafu liko suala la kundi. Kundi ni tamu, ninakiri, na kumfuata mwenzako kwa karibu kunapunguza upepo na kuokoa nguvu. Lakini anayefuata nyuma ya gurudumu kwa shubiri mbili haoni njia, anaona mgongo. Asubuhi moja upande wa Nyali nililishuhudia kundi kama hilo likija kwa safu kwenye njia ya pembeni. Mbele kulikuwa na mkokoteni wa madafu umesimama, mwenyewe ameinama akifunga kamba ya gurudumu. Wa kwanza aliuona, akaukwepa kwa ustadi mkubwa, hata nikamsifu moyoni. Hakusema neno, hakuinua mkono. Wa pili aliuona alipokuwa ameshaufikia. Alipiga ubavu wa mkokoteni, madafu yakamwagika, mengine yakaenda mpaka barabarani chini ya magari, na muuzaji akabaki ameshika panga lake mkononi, hajui awaangalie watu au ayafuate madafu. Aliyeanguka alichubuka kiwiko na goti. Kiwiko kilipona. Lakini nilimsikia mwenzake mmoja akimuuliza yule muuzaji, kwa ukali, kwa nini amesimama njiani.

Kwa nini amesimama njiani! Mtu wa mkokoteni, kwenye njia ya pembeni, akirekebisha gurudumu lake, anatakiwa ajieleze mbele ya watu waliokuja kwa safu wasioona mbele. Wa kujieleza pale alikuwa yule wa kwanza, aliyekwepa akanyamaza. Anayeongoza kundi ameyabeba macho ya wote walio nyuma yake. Akiona shimo, mchanga, mtoto au mkokoteni, ni juu yake kuinua mkono na kutamka. Na kwenye njia inayotumiwa na watembeao, kundi livunjwe, watu waende wawili wawili kwa nafasi, na wakikutana na mtu wawe mmoja mmoja. Usukani mmoja unakula kama nusu mita, na mpandaji na yumbayumba yake huhitaji kama mita nzima. Wawili wakienda sambamba wakipiga soga wameshachukua mita mbili. Njia nyingine hapa kwetu hazina hata hizo.

Vifaa nitavipitia haraka, kwa sababu wenzetu wazoefu wanavijua. Chumvi ya bahari inakula waya za breki kimyakimya, basi tuzikague na kuzipaka mafuta mara kwa mara kuliko watu wa bara. Mchanga unaopeperushwa juu ya lami hauonekani mpaka umeuingia, na breki ya mbele ikibanwa juu yake gurudumu linateleza. Mvua ikinyesha, breki za rimu, yaani zile zinazobana ukingo wa gurudumu, huchelewa kushika. Basi.

Taa nitaizungumzia zaidi kidogo, kwa ajili ya usiku wetu. Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mji huu hutoka nje. Kule Mama Ngina familia hujaa, watoto hukimbia na mihogo mikononi, mama zetu wamevaa mabuibui meusi, na taa za njiani pengine zinawaka, pengine hazijawaka. Nimesikia mwenzetu akinung'unika kwamba watu wavae nguo zinazoonekana. Sikubaliani naye hata kidogo. Mtu aliyetoka kuswali akanyoosha miguu na wanawe hana wajibu wa kujipamba ili wewe umwone. Wewe ndiye uliyeleta chuma chenye kasi mahali pake. Taa ni juu yako, na uielekeze chini mbele ya gurudumu, usiwamulike watu machoni. Na pale palipojaa kabisa, palipotengenezwa kwa ajili ya kutembea, tushuke tukokote. Kukokota baiskeli hakujawahi kumvunjia mtu heshima.

Nasikia mnasema, na wao je? Watembeao hujipanga njia nzima, hutazama simu, huacha watoto mbele ya magurudumu. Ni kweli, na majirani wako hapa, watajibu wenyewe. Lakini mimi nitawakumbusha barabara ya Thika kule Nairobi, iliyopanuliwa na kuzinduliwa mwaka 2012 ikiwa na njia za pembeni za baiskeli na za miguu. Mnajua malalamiko ya wapanda baiskeli wa kule? Kwamba pikipiki zimeingia kwenye njia zao, zinapiga honi, zinawafukuza. Wanasema, na mimi naafikiana nao kabisa, kwamba mwenye mashine kubwa asimwondoe mwenye mashine ndogo kwenye mahali pake. Je, hoja hiyo ina nguvu gani midomoni mwetu ikiwa mama wa Tudor hawezi kutembea kwa ajili yetu?

Tena sisi tuna ombi letu. Tumekuwa tukisema kwamba tungependa siku moja mji huu ufungiwe magari baadhi ya barabara asubuhi ya Jumapili, kama wafanyavyo Bogotá, Kolombia, ambako tangu mwaka 1974 jambo hili lilipoanza limekua hadi zaidi ya kilomita 120 za barabara kuachiwa watu kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Watu wengine hulisikia hilo wakadhani ni uwanja wa mbio. Ukitazama picha zake utaona mtoto anajifunza baiskeli huku baba ameshika kiti, bibi anatembea na mbwa, mtu anasukuma kigari cha mtoto mchanga. Waliopewa barabara ni wote. Tutakapokwenda kuomba Jumapili yetu, tutaulizwa jinsi tunavyozitumia njia tulizo nazo, na majirani hawa ndio watakaoulizwa kabla yetu.

Kwa hiyo, kuanzia safari ya Jumapili ijayo, tumekubaliana hivi na viongozi wa safari. Kwenye njia ya pembeni hakuna atakayezidi kilomita 15 kwa saa, na penye watu ni mwendo wa mtu anayetembea. Anayeongoza atatamka kila anachokiona. Vipande vya njia za pembeni tutaviondoa kwenye mashindano yetu ya simu. Masikio yatakuwa wazi. Na asiye na kengele hatatoka nasi.

Mzee wetu fundi amekuja na kengele na bisibisi, yuko pale nje chini ya mwarobaini, na bei amepunguza kwa leo tu. Wapanda baiskeli, pangeni foleni. Majirani, ninyi bakini ndani, kwa sababu sasa ni zamu yenu ya kusema, na kipaza sauti nitaanza kumpa mama aliyeinua mkono tangu nilipotaja viazi karai.